Umande Kwenye Kifuniko

Jumapili ya pili ya Novemba, misa ikishaisha, familia ya Hamabe hupanda mlimani kukusanya vitu vya pango la Krismasi: zile nyasi laini za kijani zinazotanda juu ya mawe yenye unyevu, magome ya kuezekea zizi, na majani makavu ya kuwalaza ng'ombe na kondoo wa udongo. Kazi hiyo ni yao tangu kanisa lilipojengwa, na pale kisiwani, ng'ambo ya bahari kutoka Nagasaki, hakuna anayemnyang'anya mwenzake kazi ya kanisa. Miaka saba iliyopita walipanda wanne, wakashuka watatu. Toshiro, mume wa Chizuru, alisema anasogea juu kidogo upande wa genge la mwamba kwa sababu nyasi za kule ndizo nzuri, akacheka, akaingia kwenye ukungu, na hakuonekana tena.

Kijiji kizima kilimtafuta siku kumi na mbili. Chini ya genge lile ni bahari tu, na bahari ya kule haina haraka ya kurudisha kitu.

Ungedhani mwaka uliofuata wangekaa nyumbani. Basi humjui Mama Mitsue, mama yake Toshiro. Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujitanda kitambaa na kubeba kikapu, na ndani ya kikapu aliweka matonge ya wali, mawili kwa kila mtu, na mawili ya Toshiro. Alisema akitokea na njaa atakula nini.

Kwa Mama Mitsue, mwanawe hakuwa marehemu. Alikuwa safarini. Ndara zake zilikaa mlangoni zikitazama nje, koti lake la pamba lilianikwa kila majani yalipoanza kugeuka rangi, na mlango wa nyuma haukutiwa komeo hata siku za upepo. Zaidi ya yote kulikuwa na sinia la msafiri. Ni desturi ya zamani, ya watu wa visiwa vyote vile: mtu akiwa mbali, nyumbani humpakulia chakula chake ili asishinde njaa huko aliko. Wali kwenye bakuli lenye kifuniko, supu, kipande cha samaki, vijiti vya kulia vimelazwa upande wake. Baada ya muda mama hufunua bakuli na kutazama ndani ya kifuniko. Kikiwa na umande, msafiri hajambo. Kikiwa kikavu, nyumba ianze kulia.

Kwa miaka saba kifuniko hakikuwahi kuwa kikavu. Na aliyekuwa akipakua ule wali, kila siku adhuhuri, ni Chizuru.

Mwaka huu walipanda wanne tena. Wa nne alikuwa Shunsaku, fundi seremala, aliyecheza na Toshiro tangu wote hawajaota meno ya ukubwani, kisha akaenda kujenga meli Sasebo, kisha miaka miwili iliyopita akarudi kisiwani na kisanduku cha zana na nywele mbili tatu za mvi. Mchwa walikuwa wamekula zizi la pango, na padri alimwomba atengeneze jipya, kwa hiyo ilikuwa lazima aende kuchagua magome mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyosema. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na Chizuru alikuwa anaumwa kifua mwaka mzima.

Mbele za watu Shunsaku alimwita mama Konomi, kwa jina la bintiye, kama wanavyofanya watu wenye adabu. Siku ile njiani alimwita mama Konomi mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili aliondoa jani jekundu lililonasa kwenye kitambaa cha Chizuru, akasahau kulitupa, akatembea nalo mkononi hadi kwenye chemchemi. Konomi, mwenye miaka kumi na macho mawili mazima, alimuuliza kama jani hilo nalo ni la pangoni. Masikio ya Shunsaku yakawa rangi moja na jani.

Walipofika juu, Mama Mitsue alitua kikapu, akaenda peke yake hadi kwenye jiwe la mwisho, pale njia inapokatika. Akaita jina la mwanawe mara tatu, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayemwita mwenzake aje kula. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda. Kila mwaka wakati huo Chizuru husikia viatu vya mpira vikilia nyuma yake, vile vya Toshiro vilivyokuwa vikiingiza maji, na kila mwaka hugeuka. Safari hii aligeuka akamwona Shunsaku akiwa amesimama karibu, kashika kofia.

"Njoo tukate magome kule chini," Shunsaku akasema. "Konomi abaki na bibi yake."

Walikata magome. Hewa ilinuka majani yaliyooza na moshi wa mbali. Shunsaku alifunga mzigo wake, akaufungua, akaufunga tena. Fundi anayefunga kamba mara mbili ana neno moyoni.

"Nimepata kazi Nagasaki. Naanza mwezi wa kwanza. Meli ni tarehe ishirini na saba, Krismasi ikishapita."

"Hongera."

"Sikutafuta hongera, Chizuru."

Chizuru alisikia jina lake mdomoni mwa yule mwanaume kwa mara ya kwanza siku ile. Alijifanya anatafuta kisu.

"Serikali imeshasema miaka saba inatosha kumhesabu aliyepotea kuwa amekufa," Shunsaku akaendelea, polepole. "Padri naye kasema. Siku mama mzazi akiandika jina la mwanawe kwenye orodha ya marehemu, yeye anamwandikia askofu akuruhusu kuolewa tena. Orodha inafungwa Jumapili ijayo. Ikipita hiyo, ni mpaka Novemba nyingine."

"Mama hawezi kuandika. Kwake Toshiro ni mzima. Kila siku anafunua kifuniko na umande upo."

"Nani anapakua ule wali?"

"Mimi."

"Ukiwa wa moto?"

"Ulitaka nimpe mume wangu kiporo?"

"Basi ndiyo hivyo. Wali wa moto ukiufunika, kifuniko kitatoa jasho tu. Mpakulie hata Herode, utaambiwa hajambo."

Kicheko kilimpanda Chizuru kooni, na nusu ya njia kikageuka hasira. Alimwambia kwamba ni rahisi kwake kusema, yeye aliyekuwa Sasebo akigonga vyuma wakati wao wanapekua kila pango la ufukweni kwa kucha. Alimwambia anachotaka ni yeye Chizuru amuue mumewe kwa mkono wake mwenyewe, halafu apande meli na kitambaa kipya kichwani.

"Sitaki umuue," Shunsaku akasema. "Nataka mumwache afe. Alikuwa rafiki yangu kabla hajawa mumeo, na mimi sijamlilia. Nimlilie wapi? Nikija kwenu nakuta ndara zake mlangoni. Watu wote wanasema akirudi, akirudi. Mwaka wa saba huu, na hakuna hata mmoja aliyemsalia sala ya marehemu."

"Usinichagulishe kati yako na mzimu."

"Mzimu ungekuwa nafuu. Mzimu huombewa."

Chizuru alikuwa ameshalifikiria neno hilo mwenyewe, siku ambazo usingizi ulimkatikia, na alikuwa amelisukuma mbali, kwa sababu aliyelifikiria vizuri angelazimika kulifanyia kitu. Kama Toshiro alikuwa mahali fulani akingoja sala za kwao, kwa miaka saba walikuwa wakimtumia samaki.

Mama Mitsue alitokea kwenye ukungu akimshika Konomi mkono. Alimtazama mkwewe, akamtazama fundi, akautazama mzigo mdogo wa magome.

"Mmekusanya magome au maneno?" akauliza, akatangulia kushuka.

*

Wiki ile upepo wa kaskazini ulianza kuvuma kavu, na kijiji kizima kikaingia kwenye kazi ya viazi vitamu. Huko kwao Krismasi bila mikate ya michembe si Krismasi. Viazi hukatwa vipande vyembamba, vikachemshwa kidogo, vikaanikwa kwenye vichanja vinavyotazama bahari hadi vikauke viwe michembe, halafu karibu na sikukuu hutwangwa pamoja na wali wa kunata. Kila ua ulikuwa na kichanja, kila kichanja kilikuwa na mwanamke anayegombana na kunguru.

Jumatatu Chizuru alipakua wali wa moto. Jumanne alipakua wali wa moto. Kifuniko kilitoa umande, Mama Mitsue alisema hajambo, wakala. Jumanne jioni Shunsaku alipita barabarani na ubao begani, akaitikia salamu ya Mama Mitsue, akamwita Chizuru mama Konomi, na hakusimama. Chizuru alimtazama hadi alipokata kona. Kisha akaitazama mikono yake iliyojaa utomvu wa viazi na kufikiri kwamba tarehe ishirini na saba Desemba atakuwa bado anakata viazi, na mwaka utakaofuata, na mwingine, hadi Konomi aolewe na yeye abaki na sinia.

Jumatano alifanya jambo ambalo hakuwahi kudhani anaweza kulifanya. Alipakua wali wa Toshiro mapema, Konomi akiwa shuleni na mama mkwe akiwa uani, akauacha bakulini bila kifuniko. Akasimama akiutazama ukitoa mvuke. Mvuke ulipungua, ukawa uzi, ukaisha. Nyuma yake, mlangoni, alisikia viatu vya mpira vikilia juu ya sakafu ya ubao, mara moja, wazi kabisa, na alijua kuwa akigeuka hatakuta mtu, kwa hiyo safari hii hakugeuka. Machozi yalimtoka. "Nisamehe," akasema kwa sauti ndogo. Aligusa bakuli. Lilikuwa la baridi. Akalifunika, akaliweka mahali pake, akamwita mama mkwe.

Mama Mitsue alinawa mikono, akafanya ishara ya msalaba, akapiga magoti mbele ya sinia kama kila siku. Alishika bakuli kwa mkono wa kushoto. Mkono ule ulitulia kidogo. Kisha akafunua.

Kifuniko kilikuwa kikavu. Chizuru alikuwa umbali wa mkono mmoja na aliona vizuri ile rangi nyeusi ya ndani, inang'aa, haina hata tone. Alishika ukingo wa meza. Alijitayarisha kwa kilio ambacho nyumba ile ilikuwa imekidai miaka saba, akajitayarisha kumkumbatia yule mama, na akamlaani Shunsaku na yeye mwenyewe.

Mama Mitsue aligeuza kifuniko kwenye mwanga. Akapitisha kidole gumba ndani yake.

"Umande tele leo," akasema. "Hajambo kabisa. Haya, tule."

Akachukua kitambaa akafuta kifuniko, akafuta vizuri, pande zote, kitu ambacho hakikuwepo.

Chizuru hakula. Alimtazama mama mkwe akila samaki wake, akitoa miiba na kuipanga pembeni, na polepole baridi ya lile bakuli ikaanza kumpanda mwilini. Mtu anayeogopa kifuniko kikavu, akikiona, hulia. Anayekiona na kusema kimelowa ni yule ambaye hakukitegemea kimwambie kitu.

"Mama. Ule wali ni wa baridi. Niliupoza makusudi."

"Najua. Nimeshika bakuli."

"Kifuniko kilikuwa kikavu."

Mama Mitsue aliweka vijiti chini. Aliinuka kwa kushika goti, akatoka nje uani, akakaa kwenye ubao wake wa kukatia, akachukua kiazi. Chizuru alimfuata hata viatu hakuvaa.

"Mama, umejua tangu lini?"

Kisu kilipita kwenye kiazi mara tatu au nne kabla hajajibu, na alipojibu alikuwa akiongea na viazi.

"Mwaka wa pili. Wakati ule wa mwani, maji yalipokupwa sana. Wewe ulibaki na Konomi, alikuwa na surua. Nilienda mbali na wenzangu, nikaona kiatu kwenye mwamba. Cha mpira, cha kushoto. Nilikitambua kwa kiraka, maana kiraka nilikitia mimi mwenyewe, kwa mpira wa baiskeli."

"Kiatu kinaweza kupotea peke yake, Mama."

"Hakikuwa kitupu."

Upepo ulipita kwenye vichanja. Chizuru alikaa chini, pale pale kwenye udongo.

Mama Mitsue alisema yote, sasa alipokwisha kuanza. Alivua kitambaa chake cha kichwa akakifungia kile kiatu ndani, akakiweka chini ya mwani kwenye kikapu, akawapita wenzake akiwasalimu. Siku iliyofuata alikwenda makaburini na jembe dogo, akamzika mwanawe kando ya baba yake, bila padri, bila jeneza, bila msalaba, akaweka jiwe ambalo lingeweza kuwa jiwe lolote. Alirudi nyumbani akapokea sinia kutoka kwa mkwewe, akafunua kifuniko, akasema hajambo. Tangu siku ile hakupokea komunyo. Watu aliwaambia tumbo linamsumbua asubuhi, na kwa kuwa ni mzee na ni mkali, hakuna aliyeuliza tumbo gani hilo linalouma Jumapili tu.

"Kwa nini?" Chizuru akauliza. "Nieleze kwa nini."

"Ulikuwa hujatimiza thelathini. Mjane wa umri huo hakai na mama mkwe. Ungerudi kwenu na Konomi, mimi ningebaki na vikombe."

"Ungeniuliza. Ningebaki."

"Ungebaki, najua. Mwaka mmoja, miwili, kwa kunihurumia. Mimi sikutaka huruma yako, mwanangu. Nilitaka uwe wangu."

Basi Chizuru akasema. Aliyoyasema siku ile hayafai kurudiwa yote. Alimwita mwizi, alimwita hivyo mara mbili, na akamwambia kwamba kwa zaidi ya miaka mitano amempakulia kiatu. Alimkumbusha milango aliyoiacha wazi yeye Chizuru baridi ikaingia, na barua mbili za mwanaume mwema alizozichoma jikoni bila kuzifungua, kwa kuwa mke wa mtu hasomi barua za wanaume. Alimkumbusha Konomi, aliyekuwa akimwachia baba yake nusu ya pipi yake kila sikukuu. Sauti yake ilifika kwa majirani na wale kunguru wakahama kichanja. Mama Mitsue aliendelea kukata, na vipande vyake vilikuwa vinene, vibaya, vya mtu asiyeona anachokata.

Chizuru alipoishiwa maneno, mama mkwe ndiye aliyesema.

"Yule fundi. Anakupenda?"

"Ananipenda."

"Na wewe?"

"Nampenda, Mama."

"Nilijua tangu alipokuja kubadilisha vigae. Vigae sita, kakaa juu ya paa siku tatu." Alifuta kisu kwenye aproni. "Nilikuwa nakaa chini nikisema, Bwana, mwangushe. Halafu namwomba Bwana asinisikie."

Alisimama. Alivua aproni, akaingia ndani, akatoka akiwa amejitanda kile kitambaa cheupe cha misani na kushika rozari yake. Chizuru alimwambia amngoje, waende wote kwa padri. Mama Mitsue akakataa. Alisema dhambi ni yake na atatembea nayo mwenyewe hadi ilipo, na jina la mwanawe ataliandika kwa mkono wake, kwa sababu hata siku ya ubatizo ndiye aliyeliandika.

"Wewe geuza michembe," akasema. "Jua limehama."

Chizuru alimtazama akishuka barabara. Mgongo ule mdogo aliuchukia, na aliogopa usije ukaanguka njiani, na mambo hayo mawili yalikaa ndani yake kwa pamoja bila kusalimiana. Aligeuza kichanja kimoja. Cha pili hakukimaliza.

*

Padri huishi ng'ambo ya kanisa, na Mama Mitsue alikuwa huko kwake, kwa hiyo kanisani hapakuwa na mtu isipokuwa Shunsaku, chini ya madhabahu ya pembeni, akipigilia magome juu ya zizi. Nyundo ilikuwa ikilia polepole. Aligeuka akamwona Chizuru akiingia na miguu mitupu yenye udongo, na nywele nje, na akashtuka.

"Konomi ana nini?"

"Konomi yuko shule. Toshiro amekufa."

Neno hilo hakuwahi kulitamka hata akiwa peke yake. Lilitoka dogo, likapanda kwenye dari ya mbao, likabaki huko. Shunsaku hakuuliza lini wala nani kasema. Aliweka nyundo chini taratibu, akavua kofia aliyokuwa ameisahau kichwani, akaenda akakaa kwenye benchi la upande wa wanaume. Chizuru alimngoja aseme kitu. Kisha akaona mabega yake.

Yule aliyesema mlimani mwacheni afe, sasa alikuwa analia kwa kwikwi, uso ndani ya kofia. Alikuwa anamlilia mtoto waliyeiba naye mayai ya kanga wa padri, na kijana aliyemsindikiza bandarini siku anakwenda Sasebo akamwambia asikawie. Chizuru alikuwa ametoka nyumbani na hasira tu, macho makavu. Alipomwona yeye akilia ndipo na yeye akaelewa kwamba mumewe hayupo, hayupo mlimani, hayupo mlangoni, na hatakuja tena kula. Akakaa upande wa wanawake, ng'ambo ya njia, akamlilia Toshiro kwa sauti. Walilia hivyo, kila mmoja upande wake, hadi walipochoka.

Alimsimulia yote, la kiatu, la jiwe, la kifuniko. Shunsaku alisikiliza akitazama chini. Mwisho alinyanyuka, akavuka njia ya katikati, akanyoosha mkono.

"Usinishike," Chizuru akasema. "Leo usinishike, Shunsaku. Miaka saba sikuwa mke wala mjane. Leo mimi ni mke wa Toshiro, naye amekufa leo. Niachie siku hii moja nimlilie."

Mkono ulibaki hewani kidogo, ukarudi.

"Na kesho?"

"Kesho uje nyumbani uniulize lile ulilotaka kuniuliza mlimani."

"Mbele ya mama?"

"Mbele yake. Sijamsamehe, na sijui nitamsamehe lini, usiniulize hilo. Lakini simwachi. Kama ni Nagasaki ni Nagasaki, kama ni hapa ni hapa, ila ujue tuko watatu."

"Mimi ni fundi. Kuhesabu najua."

Alikaribia kutabasamu, akajizuia, kwa heshima ya marehemu. Nje, kupitia mlango uliokuwa wazi, walimwona Mama Mitsue akitoka kwa padri, mdogo ndani ya kitambaa chake cheupe. Padri alimsindikiza hadi langoni akiwa kichwa wazi, heshima ambayo humfanyia aliyefiwa. Chizuru alisimama kwenda kumpokea.

"Nije saa ngapi?" Shunsaku akauliza nyuma yake.

Chizuru alisimama mlangoni akifuta uso kwa kiganja.

"Mapema," akasema. "Kabla sijaanza tena kuogopa."